Ndovu wa Tsavo Hana Toleo

Sina ugomvi na pengwini. Naliweka hili mbele kabisa, maana siku hizi hapa Kaloleni ukiitaja Linux bila kusujudu unahesabiwa umetukana msikiti na kanisa kwa pumzi moja. Pengwini mwenyewe, nembo ya mfumo huo wa kompyuta, ni mnyama wa heshima zake. Alichorwa na Larry Ewing mwaka 1996, na tangu hapo amekaa kitako, tumbo limemjaa, hana haraka na mtu wala hamdai mtu. Angekuja Voi ningempa chumba, ingawa joto letu lingemmaliza kabla ya adhuhuri. Ninaogombana nao ni wapambe wake.

Mpambe mkuu ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye anasoma mambo ya kompyuta chuoni na anakula kwangu. Mimi nina duka dogo la fotokopi na uchapaji. Nachapa barua za kuomba kazi, fomu za basari, kadi za harambee, mikataba ya kuuziana ploti na, zaidi ya yote, vijitabu vya mazishi, kwa sababu siku hizi watu wetu hawazikwi bila wasifu wa kurasa nane na picha ya rangi mbele. Biashara hii haitaki falsafa. Inataka karatasi iingie nyeupe itoke na maandishi, na mteja alipe kabla hajakumbuka kwamba pochi ameiacha nyumbani.

Mambo yaliharibika tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifika mwisho, na kila mwenye nayo akashauriwa ahamie Windows 11. Ushauri mzuri. Ila Windows 11 inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na prosesa isiyo na mvi, nayo mashine yangu ni mtumba. Ilifanya kazi Uingereza, ikastaafu, ikapanda meli, ikashuka Mombasa, ikanifikia mimi. Mpaka leo ina kibandiko cha ofisi yake ya zamani kinachosema ikipata hitilafu nimwone fundi wa ghorofa ya pili. Nimemfikiria sana yule fundi.

Mpwa wangu akaona zamu yake imefika. "Mjomba, usitupe pesa. Nitakuwekea Linux. Ni bure."

Nikamuuliza nani anayelipa. Mtu aliyekulia dukani akisikia bure hutafuta kwanza mlango wa kutokea. Swali hilo liliharibu chakula cha jioni, kwa sababu kijana aliuacha ugali ukapoa, akaanza kunihubiria. Akasema bure si hoja, hoja ni uhuru. Akasema kila mtu ana haki ya kuona ndani ya programu, kuibadilisha na kumgawia jirani. Akasema kuna leseni inayoyalinda hayo yote: ukiichukua kazi ya watu ukaitengeneza upya na kuisambaza, sharti nawe uisambaze wazi vilevile. Dada yangu alitarajia mhasibu. Tulipata mchungaji.

Nitasema haki: iliingia vizuri. Mashine iliyokuwa ikihema kwa kufungua barua moja ilinyamaza, feni ikatulia, ikawa inawaka kabla sijatua kikombe cha chai mezani. Ndani mlikuwa na programu ya kuandikia, ya hesabu, ya picha, zote bila kudaiwa namba ya ununuzi. Siku hiyo nilikaribia kuokoka. Halafu akaja mteja.

Alikuwa mama wa makamo kutoka Sagalla, flashi ameifunga kwenye ncha ya leso, amekuja kuchapisha wasifu wa baba mkwe wake, mzee wa reli. Maziko yalikuwa Jumamosi. Nikaufungua wasifu, ukafunguka vizuri kabisa, picha ya mzee na kofia yake iko mahali pake. Nikabonyeza. Printa ikavuta karatasi, ikatoa ukurasa. Juu kumeandikwa %!PS-Adobe-3.0, chini yake mistari miwili ya asilimia na mabano, basi. Ukurasa wa pili ulikuwa na neno moja. Wa tatu ulikuwa na mkwaju na nukta. Ikaendelea hivyo, karatasi baada ya karatasi, inatema kwa raha zake, nami nabonyeza kila kitufe chenye wekundu hadi nikachomoa waya ukutani.

Mama akaiokota ile ya kwanza, akavaa miwani, akaisoma polepole mpaka mwisho. "Baba," akaniuliza, "hapa ndipo alipozaliwa?"

Kilichotokea ni hiki. Kompyuta ilikuwa ikiongea na printa kwa lugha ya PostScript, printa yangu haijui PostScript, kwa hiyo badala ya kuchora ukurasa ikachapa yale maagizo ya kuuchora. Haya niliyajua baadaye. Mama hakungoja baadaye. Alivuka barabara akaenda kwa mshindani wangu, mwenye mashine kongwe isiyojua sasisho, isiyojua uhuru, iliyojaa virusi pomoni, na inayochapa.

Unafikiri mpwa wangu aliigusa ile printa? Aliitangaza. Kuna kundi la WhatsApp la habari za teknolojia hapa mjini, nami alikuwa ameshaniingiza humo kwa nguvu, eti nisije nikapungukiwa na msaada. Akaupiga picha ule ukurasa wa alama, akautuma na maelezo marefu. Ndipo nilipoujua msaada wa watu hawa.

Wa kwanza alijibu kwamba tatizo ni Ubuntu, aina ya Linux niliyowekewa, ningetumia Debian. Wa pili akasema Debian ni ya wastaafu, mtu aliyekomaa hutumia Arch. Wa tatu, mwalimu wa fizikia, akauliza kwa nini bado kuna binadamu wanaochapa karatasi katika karne hii, atumiwe PDF. Atumiwe nani? Marehemu? Wa nne akaleta video ya saa nzima kuhusu printa isiyokuwa yangu. Wa tano hakuandika kitu, alileta tu zile sura za manjano zinazocheka hadi machozi. Kufikia saa tatu usiku mjadala ulikuwa umehamia GNOME na KDE, saa nne umefika Arsenal, na nilipozima simu watu walikuwa wanarushiana maneno kuhusu marufuku ya muguka ya mwaka 2024. Hakuna aliyeuliza printa ni ya aina gani. Hilo ndilo swali ambalo hata fundi wa cherehani huanza nalo.

Asubuhi ndiyo saa yao ya habari. Jogoo hajamaliza, simu imeshajaa: toleo jipya la hiki, kampuni fulani imemnunua nani, lugha gani ya programu imekufa na ipi imezaliwa. Viungo kumi, hukumu mia. Nilistaajabu watu hawa wanasoma saa ngapi, mpaka nilipokuja kugundua siri yao. Wengi wana bando la WhatsApp pekee, na bando hilo halifungui kiungo. Wanasoma kichwa cha habari kinachoonekana pale juu, wanakitolea uamuzi wa mahakama ya rufaa, wanasonga mbele. Mwenye maoni makali kuliko wote aliniomba mtandao dukani ili aone habari aliyoilaani juzi inasema nini. Ilikuwa inakubaliana naye.

Na wanayoyajua ni ya mbali. Watakwambia kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendeshwa na Linux, na imekuwa hivyo tangu Novemba 2017. Kweli. Watakwambia kile kihelikopta cha Ingenuity kilichoruka huko Mirihi tarehe 19 Aprili 2021 kilikuwa na Linux tumboni. Kweli pia. Mimi nauliza swali la mtu wa dukani: huko Mirihi kulikuwa na printa?

Kila Januari nayo hutangazwa kwamba huu sasa ndio mwaka wa Linux kwenye meza za watu. Nimewaambia mwaka huo ulishapita wala hawakuuona, kwa vile walikuwa wanatazama meza. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux, na simu ya kwanza ya Android ilitoka 2008. Mama wa mahamri pale stendi anapokea malipo kwa Linux. Makanga anamdanganya mkewe kwa Linux, tena akiwa Mwatate anasema yuko Maungu. Hakuna aliyehubiriwa, hakuna aliyebatizwa. Mpwa wangu akanijibu kwamba hiyo haihesabiki, si Linux safi. Nikamwambia usafi ni kazi ya sabuni.

Jioni moja aliiacha mashine ndani ya kitu kinachoitwa Vim, akaenda mpirani. Nilibonyeza kila kidude cha kibodi. Kila nilichobonyeza kiliandikwa. Nilidhani ni uzee wangu, hadi niliposoma kwamba swali la namna ya kutoka humo, lililoulizwa kwenye tovuti ya Stack Overflow mwaka 2012, lilikuwa limetazamwa zaidi ya mara milioni moja ilipofika 2017. Milioni! Hata Manyani, gereza letu hapo jirani, kila aliyeko ndani anajua lango liko upande gani.

Nilisema nilisoma. Ndiyo, baada ya kukosa msaada wa kundi nilianza kujisomea mwenyewe jioni, duka limefungwa, na ndipo nilipogundua kwamba hawa vijana wananisimulia habari za uhuru lakini wameiruka sehemu tamu. Mambo haya yote yalianza na printa.

Naam. Yapata mwaka 1980, katika maabara moja ya chuo cha MIT, Marekani, ililetwa printa mpya ya leza kutoka Xerox. Printa waliyokuwa nayo awali ilikuwa na tabia ya kukwamisha karatasi, na Richard Stallman alikuwa ameitengeneza programu yake ili karatasi ikikwama, waliotuma kazi wapate taarifa kwenye kompyuta zao waende kuikwamua. Printa mpya nayo ikakwama, kwani printa ni printa. Ila safari hii programu yake ilikuja imefungwa, haionekani ndani. Stallman akamfuata mtu wa chuo kikuu kingine aliyekuwa nayo, akamwomba nakala, akanyimwa. Yule alikuwa ameweka sahihi kwamba hatampa mtu. Stallman akakasirika, na hasira ile hakuimeza. Septemba 1983 akatangaza kwamba ataandika mfumo mzima usiomfungia mtu mlango, akauita GNU, na ile leseni niliyohubiriwa mbele ya ugali ilitoka kwake mwaka 1989.

Niliposoma hayo nilisimama nikaitazama printa yangu. Yule mzee wa ndevu ni mwenzangu kabisa. Mtu amesimama mbele ya mashine inayotafuna karatasi, hakuna anayemsaidia, ananung'unika. Tofauti yetu ni kwamba yeye alijua kuandika programu.

Nikazidi kuchimba, nikakuta ukoo mzima ni wa wanung'unikaji. Agosti 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, kijana wa miaka 21, aliwaandikia watu kwamba anatengeneza mfumo wa kujifurahisha tu, hautakuwa mkubwa. Mapema 1992 profesa Andrew Tanenbaum, ambaye kitabu chake ndicho kijana alichojifunzia, akamwambia hadharani kwamba muundo wake umepitwa na wakati. Huku kwetu ungeshika adabu. Kijana akamjibu profesa, tena kwa ukali, kisha akarudi kazini. Mwaka 2012, akiwa jukwaani huko huko Ufini, aliwanyanyulia Nvidia kidole cha kati mbele ya kamera. Mwaka 2018 akaomba radhi kwa miaka mingi ya kuwafokea wenzake kwa barua pepe, akapumzika kidogo, akarudi. Naye huyo ndiye ninayemwelewa.

Lakini anayestahili kuvishwa shuka na wazee ni Andres Freund. Huyu ni mhandisi, na mwajiri wake, wapambe mtanisamehe, ni Microsoft. Machi 2024 alikuwa kwenye majaribio yake akaona kwamba kuingia kwenye mashine kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Mimi nimeketi ndani ya matatu ya Wundanyi hapo stendi, makanga anasema bado mmoja, huyo mmoja akaja na mbuzi, mbuzi akapatiwa nafasi, na bado hatukuondoka, wala sikufungua mdomo. Freund akakereka. Akafuatilia ile nusu sekunde hadi ndani ya programu ndogo ya kukandamiza mafaili iitwayo xz, akakuta mlango wa nyuma umefichwa humo na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye alijipendekeza kwa zaidi ya miaka miwili, anasaidia hiki, anatengeneza kile, hadi akakabidhiwa funguo. Kazi ile ilikuwa imeshaanza kuingia kwenye matoleo ya majaribio. Ingekawia kuonekana, ingesambaa duniani. Dunia iliokolewa na mtu mwenye kisirani.

Nikalipeleka hili kundini. Nikaandika kwa urefu, maana nachapa haraka: nyie ni mashabiki, na mfumo huu haukujengwa na mashabiki. Shabiki akiona karatasi imekwama anasema ni kosa la karatasi. Ulioujenga ni umma wa watu wasioridhika. Leteni malalamiko! Semeni font hii mbaya, masasisho haya yanamaliza bando, kwa nini ukifunika mashine ikalala haiamki. Admin akanijibu kwamba kundi ni la mambo chanya, kisha akalifunga kwa siku nzima, wakawa wanaandika ma-admin peke yao. Waliandika nini? Maneno ya kutia moyo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ya karibu hawayajui kabisa. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu nzima ya kiofisi kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Unaijua kazi ya kukaa na kutafuta jina la kila kitufe, kila onyo, kila kosa linaloweza kumpata karani? Niliwauliza kundini nani aliyewahi kuisikia. Kimya. Mmoja akaomba kiungo. Nikamtumia. Hakukifungua, bando lake nimeshalieleza.

Wala hawakumbuki zile sahani. Kuanzia 2005 hadi 2011 ulikuwa ukiomba tu, unatumiwa CD ya Ubuntu kwa posta hadi sanduku lako, hata stempu hulipi. Swali langu la nani analipa lina jibu hapo: alilipa Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini, mtu aliyewahi kujilipia nauli ya kwenda anga za juu mwaka 2002, kwa hiyo stempu za kuja Voi hazikumtisha. Sahani zile zilifika huku. Nyingine ziliingia kwenye kompyuta. Nyingine nilizikuta zimening'inizwa kwenye shamba la mtama, zinazunguka na kumeremeta, na sikuona ndege hata mmoja.

Na ukitaka kuona kitu huria kinachofanya kazi bila kelele, usitazame simu, inua macho uone kilima cha Sagalla. Kule watu walikuwa wanalima, ndovu wa Tsavo wanavuna. Dkt. Lucy King na wenzake wa shirika la Save the Elephants wakashirikiana na wakulima wa huko kujenga ua wa nyuki: mizinga imening'inizwa kila baada ya mita 10 hivi, mingine ya kweli na mingine ya bandia ya mbao, yote imeunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka kuuliza kuna nini. Mnyama wa tani kadhaa anageuza njia. Maelekezo ya kujenga ua huo yameandikwa kitabu, kinatolewa bure, na nyua za namna hiyo zimejengwa katika nchi nyingine za Afrika na Asia. Mkulima anabadilisha kulingana na shamba lake. Anavuna asali juu yake. Sijasikia mtu wa Sagalla akimwambia jirani yake kwamba nyuki wake si safi.

Printa je? Ilitengenezwa na binti anayefanya kazi saiba ya jirani. Aliingia kununua bahasha, akaniona nimekunja uso, akauliza lile swali: "Mzee, hii printa ni aina gani?" Akaketi, akafungua orodha ya draiva, akaiondoa ile ya PostScript akachagua nyingine ya lugha inayoitwa PCL, akabonyeza. Ukatoka ukurasa wa majaribio, rangi zake zote, umenyooka. Alinitoza shilingi 200 na bahasha nikampa bure. Nilimuuliza kama yumo kwenye lile kundi. Akasema aliwahi kuingizwa, akatoka, simu ilikuwa inajaa. Duka lake lina kompyuta sita za Linux. Hajawahi kumweleza mteja hata mmoja, na wateja wenyewe wanadhani ni Windows yenye picha nzuri.

Basi nikiwa nimetulia, printa inachapa, nikabaki na lalamiko moja tu, nalo ni kubwa kwa kilo kuliko yote. Kila toleo la Ubuntu hupewa jina la mnyama na sifa yake, mawili kwa mwaka, herufi kwa herufi. La kwanza, Oktoba 2004, lilikuwa Warty Warthog, yaani ngiri mwenye sugu usoni. Nikafurahi: ngiri ni jirani, anapita nyuma ya nyumba za watu mkia juu. Tumbili alipata lake mwaka 2015. Muhanga alipata 2017, kiboko 2021, tandala 2022. Wanyama wetu wanaingia mmoja mmoja. Sasa nikaitafuta E, herufi ya ndovu kwa Kiingereza. E ya mwaka 2006 walimpa Edgy Eft, kijusi cha majini kinachotosha kwenye kiganja. E ya mwaka 2019 wakampa Eoan Ermine, kinyama cha nchi za baridi chenye ukubwa wa nguchiro. Ndovu, mnyama ambaye akiingia Kaloleni usiku hata mbwa wanajifanya hawapo nyumbani, amerukwa mara mbili. Watu wa lugha ya programu ya PHP wamemchora. Watu wa hifadhidata ya PostgreSQL wamemchora. Ubuntu, watoto wa Afrika, wamempa kijusi!

Alfabeti yao inachukua miaka 13 kuzunguka. Wakiendelea na mwendo huo, E itarudi Oktoba 2032. Nikaandika kundini kwamba tuanze mapema, tuwaombe kwa heshima, sisi watu tunaoishi ubavuni mwa Tsavo Mashariki na tunaowajua ndovu kwa kuvunjiwa matangi ya maji. Kwa mara ya kwanza tangu niingizwe humo, watu wote walinijibu. Nikadhani nimefaulu.

Mwalimu wa fizikia akasema kwa nini ndovu, mbona simba. Simba wa Tsavo walisimamisha ujenzi wa reli mwaka 1898, dunia nzima inawajua. Naye anaanzia L, na L walimpa Lynx mwaka 2010, paka wa theluji, kisha Lobster mwaka 2023, kambakoche. Mwingine akasema hao simba wenyewe hawako hata Kenya, Patterson aliziuza ngozi zao kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000 mwaka 1924, warudishwe kwanza ndipo tuzungumze majina. Wa tatu akasema simba hajawahi kumvunjia tangi. Wa nne akasema ndovu hajawahi kumlia mbuzi. Maneno yakapanda. Admin akafunga kundi, akalifungua, akalifunga tena. Usiku huo wakagawanyika kama wanavyogawanyika hawa watu wakishindwa kuelewana: upande mmoja ukachukua kila kitu, orodha, kanuni, hata ile picha ya pengwini, ukaanzisha kundi jipya. Sasa kuna Timu Ndovu na Timu Simba, zote mbili za habari za teknolojia, viungo vilevile, hukumu zilezile. Mimi nimeingizwa kote. Mpwa wangu ni katibu wa Simba, na bado anakula kwangu.

Wiki iliyopita walikuja dukani wajumbe wa pande zote, saa moja na ileile, kila upande na flashi yake, kuchapisha katiba za makundi yao ili wapeleke zikasajiliwe. Kurasa kumi na nne kwa kumi na sita. Wakaniuliza kama itawezekana wachapiwe bure, kwa vile ni kazi ya jamii na programu zenyewe zilikuwa bure.

Nikawaonyesha bango la bei ukutani. Nyeusi shilingi 10, rangi shilingi 50. Timu Simba wakanong'onezana kidogo, wakaomba kichwa cha simba kiwe cha rangi kwenye ukurasa wa kwanza tu.